Mita 30 za Mwisho: Kutafuta Kasha la GPS Kwenye Miteremko ya Elgon

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa kwa namba za GPS ulianza Mei 2000 huko Oregon, mara tu serikali ya Marekani ilipoacha kuyavuruga mawimbi yanayotumiwa na raia. Tangu hapo kifaa cha mkononi kinaweza kukufikisha karibu. Karibu tu, mengine ni macho na miguu yako.

Tuanze na namba, maana wengi hupotea kabla hawajatoka Mbale. Mahali pa kasha huandikwa kwa digrii na dakika zenye desimali, mfano N 01° 12.345′. Ukisoma hiyo kama dakika 12 na sekunde 34.5, umepotea: 0.345 ya dakika ni sekunde 20.7. Tofauti ya sekunde 13.8 ni zaidi ya mita 400, na Elgon hizo zinatosha kukuweka ng'ambo ya korongo. Sisi wa karibu na ikweta tuna nafuu moja: 0.001 ya dakika ni kama mita 1.85 pande zote, kaskazini au mashariki.

Kama kasha liko ndani ya hifadhi, pitia UWA, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kwanza, upate kibali na renja.

Njiani, usiufuate mshale wa kifaa. Unaonyesha mstari ulionyooka, haujui genge wala mto. Fuata mgongo wa mlima, na kila njia inapogawanyika hifadhi nukta kwenye kifaa. Njia isiyofyekwa huchanganyika na vijia vya mifugo, ambavyo huishia kwenye maji. Ukienda dakika 10 bila kuona alama ya panga au udongo ulioshindiliwa, rudi kwenye nukta ya mwisho. Udongo wa huku ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha, mteremko hauaminiki, na maporomoko ya udongo ya Bududa ya 2010 tunayakumbuka wote. Ukiona ufa mpya ardhini, ondoka hapo. Saa nane mchana geuza, hata kama zimebaki mita 300. Hapa kwetu jua likizama, giza halichelewi.

Sasa zile mita 30. Chini ya miti mikubwa mawimbi hugonga majani na miamba kabla ya kukufikia, na namba zinarukaruka mita 10, 20 au zaidi. Kuukimbiza mshale hapo ni kuzunguka bure. Tafuta uwazi, tulia dakika kadhaa, soma mwelekeo na umbali, kisha piga mstari kwa dira. Fanya hivyo tena kutoka uwazi wa pili, upande mwingine. Mistari inapokutana ndipo pa kuanzia.

Hapo tazama kisicho cha asili: mawe yaliyopangwa, gome lililosimamishwa, vijiti vinavyolala upande mmoja. Chokoa kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono. Bafe hupenda vivuli hivyo hivyo, na siafu pia.

Andika jina kwenye daftari lililomo kashani kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kwenye unyevu. Usiache chakula ndani. Wanyama watalitafuna kasha. Pangusa mpira wa kifuniko, kwani punje moja ya mchanga inatosha kupitisha maji. Lirudishe palepale. Ukilihamisha mita 5 tu, makosa ya kifaa chako yanaongezwa juu ya makosa ya kifaa cha anayekuja.