Kuhamisha Protini kutoka kwenye Jeli kwa Umeme: Mhadhara kwa Walimu wa Sayansi na Wataalamu wa Maabara, Mtwara

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wataalamu wa maabara, na wanafunzi mliotoka Masasi, Newala, Lindi na hapa mjini.

Nimeombwa nieleze kifaa cha kuhamishia protini kwa nguvu ya umeme, nami nitaanzia kwenye korosho, kwa kuwa ndiyo inayotupa sisi watu wa Kusini sababu ya karibu ya kukifahamu. Korosho ina protini zinazowasababishia baadhi ya walaji mzio mkali, na tatu kati yake zinajulikana katika sayansi kwa majina ya Ana o 1, Ana o 2 na Ana o 3. Mtafiti akiisaga korosho, akaondoa mafuta na kuzitenganisha protini zake katika jeli ya poliakrilamidi, yaani jeli yenye vitundu vidogo sana, atapata mistari iliyojipanga kwa ukubwa wa molekuli, lakini mistari hiyo peke yake haimwambii ni upi unaomdhuru mgonjwa. Kingamwili, yaani protini za kinga zilizomo katika damu ya mgonjwa, zinaweza kuutambua, ila nazo ni molekuli kubwa zisizopenya jeli kwa urahisi. Ndiyo maana protini hulazimika kutolewa humo na kulazwa juu ya utando mwembamba bila kuharibu mpangilio wake.

Mwaka 1975 Edwin Southern alieleza namna ya kuhamisha DNA kwa kuziacha karatasi kavu zinyonye kimiminika kupitia kwenye jeli. Kwa protini zilizobanwa katika poliakrilamidi, unyonyaji huo ni wa polepole mno. Mwaka 1979 Harry Towbin, Theophil Staehelin na Julian Gordon, waliokuwa Basel, Uswisi, walizisukuma protini kwa umeme hadi kwenye utando wa nitroselulosi, na bafa yao (kimiminika kinachodhibiti kiwango cha asidi) ya Trisi, glisini na methanoli ya asilimia 20 bado inatumika katika maabara nyingi hadi leo.

Kifaa chenyewe ni tangi la plastiki lenye elektrodi mbili za waya wa platinamu, na kati yake hutumbukizwa kaseti. Ndani ya kaseti hupangwa sponji, karatasi ya kuchujia, jeli, utando, karatasi nyingine na sponji nyingine, vyote vikiwa vimelowa bafa. Protini zilizopikwa kwa sabuni ya sodiamu dodesili salfeti hubeba chaji hasi, kwa hiyo hukimbilia anodi, yaani elektrodi chanya, upande mwekundu. Jeli lazima ikae upande wa kathodi, yaani elektrodi hasi, na utando upande wa anodi. Mpangilio ukigeuzwa, protini zitatoka upande wa pili wa jeli na kupotelea kwenye bafa, na hakuna njia ya kuzirudisha. Kila kiputo cha hewa kitakachobaki kati ya jeli na utando huzuia mkondo mahali hapo, na kwa sababu hiyo bomba la kioo huviringishwa taratibu juu ya utando kabla kaseti haijafungwa. Nawasihi walimu wasiiharakishe hatua hii mbele ya wanafunzi.

Sasa niseme juu ya joto, ambalo kwa pwani yetu si jambo dogo. Tangi dogo huendeshwa kwa volti 100 kwa muda wa saa moja hivi, mkondo ukiwa karibu miliampea 350. Bafa ikipata joto, ukinzani wake hupungua na mkondo huongezeka, joto nalo likazidi. Chumba kikiwa tayari na nyuzi 30, barafu ndani ya tangi ni ya lazima. Wengine hushauri volti 30 usiku kucha. Mimi siungi mkono jambo hilo mahali ambapo umeme hukatika, kwa sababu mkondo ukisimama protini huanza kusambaa ndani ya jeli na mistari hupoteza ukali wake. Uhamishaji wa mchana unahitaji takriban wati 35 tu, kiasi ambacho betri na inveta ya kawaida hukimudu.

Kuna pia mashine za nusu-kavu, zilizoelezwa mwaka 1984, ambazo hutumia sahani mbili na karatasi zilizoloweshwa badala ya tangi. Ni za haraka na hutumia bafa kidogo, lakini ni vigumu kuzipoza, na protini kubwa huhama kwa shida. Kwa maabara inayoanza hapa kwetu, ningenunua tangi.

Utando nao huchaguliwa kwa ukubwa wa protini. Ana o 3, yenye takriban kilodaltoni 14 (kipimo cha uzito wa molekuli), inaweza kupita moja kwa moja kwenye utando wa vitundu vya mikromita 0.45, hivyo inafaa kutumia wa mikromita 0.2. Wanaotumia utando wa PVDF, ambayo ni aina ya plastiki, wauloweshe kwanza katika methanoli, wakikumbuka kuvaa glavu na kufungua madirisha, kwa kuwa methanoli ni sumu inayoweza kupofusha macho.

Uhamishaji ukikamilika, utando utiwe rangi ya Ponceau S, ambayo huonyesha mistari ya waridi na kupaacha peupe mahali palipokuwa na viputo, kisha huoshwa kwa maji kabla kingamwili hazijatiwa. Jeli isitupwe, itiwe rangi ya Coomassie, inayoshika protini, kwa maana protini kubwa zilizobaki ndani yake huonyesha kwamba muda au volti haikutosha.