Kabla Hujamgusa Mgonjwa

Asanteni kwa kunikaribisha. Wakubwa zangu mliokaa mbele, shikamooni. Wadogo zangu wa mwaka wa mwisho, poleni na zamu.

Ratiba inasema nizungumzie huduma inayozingatia kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki kwa mtu aliyepatwa na jambo baya. Naomba nianze na wale tunaowaita wasumbufu. Kila wodi inao: mama anayebana miguu, kijana anayenyofoa dripu, mzee anayekataa katakata kuvua shati. Tunaandika "hatoi ushirikiano", faili linafungwa. Ni mara chache tunajiuliza mwili ule unajikinga na nini.

Miaka ya 1980, huko San Diego, Marekani, daktari Vincent Felitti aliendesha kliniki ya kupunguza uzito. Kilichomkera ni kwamba waliokuwa wakipungua vizuri ndio waliotoroka. Alipoketi nao akagundua kuwa wengi walidhalilishwa kingono utotoni, na kwa baadhi yao unene ulikuwa ngao. Baadaye yeye na mtafiti mwenzake, Robert Anda, walichunguza watu zaidi ya 17,000. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1998: kadiri mtu alivyopitia madhila mengi utotoni, ndivyo maradhi ya moyo, ulevi na majaribio ya kujiua yalivyoongezeka. Kwa hiyo haya si mambo ya kliniki ya afya ya akili peke yake.

Sasa twendeni leba. Mama amelala chali chini ya taa, nguo zimepandishwa, mtu asiyemjua amemsimamia anasema, "Panua miguu! Mbona wakati wa kuitafuta mimba hukulia?" Msinitazame hivyo, maneno hayo mnayajua. Kama mama huyo aliwahi kubakwa, hali hiyo si ngeni kwake: kulazwa, kushikwa, kuamrishwa. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, anapiga teke. Au anaganda kimya, macho darini, nasi tunamsifu kwa utulivu wake. Huyo wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi.

Kinachotakiwa hakihitaji bajeti. Vuta pazia hadi mwisho. Taja jina lako. Kisha sema: "Mama, nataka kupima njia nijue umefikia wapi. Nitatumia vidole viwili. Ukisema nisimame, nasimama. Niendelee?" Halafu subiri jibu. Na akisema simama, toa mkono kweli. Ukimwambia "vumilia kidogo namalizia", amejua kwamba hata hospitali hapana yake haina maana. Kwenye spekulamu, kile kifaa cha kufungulia njia ya uzazi, anayetaka kuiingiza mwenyewe aachwe aiingize, ukimwelekeza. Huna haja ya kujua alifanyiwa nini. Mfanyie hivyo kila mama, kwa sababu wengi hawatakuambia kamwe. Wanaume nao, kwani yule mzee wa shati mnadhani anaona haya tu?

Najua mtasema foleni imefika getini. Maneno niliyoyasema hayamalizi hata dakika moja. Wauguzi watatu wakishikana na mama anayepigana nao, zinakwenda dakika ngapi?

Hili la pili ni la washauri nasaha zaidi. Tumekua tukiamini kwamba aliyepatwa na balaa akitoa yote moyoni siku ile ile, amepona. Utafiti haukubaliani nasi. Kikao kimoja cha kumsimulisha mtu tukio, muda mfupi baada ya kutokea, hakijaonyesha kuzuia maradhi ya baadaye, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Sikiliza anayetaka kusema, asiyetaka usimchokonoe. Lakini tazameni mzunguko wa binti aliyebakwa: anasimulia mapokezi, anasimulia polisi akifuata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, anasimulia kwa tabibu, maabara anaulizwa tena, huku saa 72 za kuanza dawa za kujikinga na VVU zinakatika. Maelezo ya kwanza yaandikwe kwa ukamilifu, kisha faili ndilo lizunguke.

Na hizi si ndoto za semina. Kule Bukavu, mashariki mwa Kongo, hospitali ya Panzi aliyoianzisha daktari wa upasuaji Denis Mukwege mwaka 1999 imewawekea wanawake waliobakwa pamoja matibabu, ushauri, msaada wa kisheria na wa kuanza upya maisha. Mwanamke akipokelewa anakabidhiwa mama wa kuwa naye bega kwa bega, wanamwita maman chérie, mama mpendwa. Mukwege alipata Nobeli ya Amani mwaka 2018 pamoja na mwanaharakati wa Iraki, Nadia Murad, na wengi tunamsifia kisu chake cha upasuaji. Mimi namhusudu zaidi yule mama. Sisi hatuna fedha za Panzi, sawa, ila muuguzi mmoja wa kukaa na mgonjwa kuanzia mlangoni hadi dirisha la dawa tunaye.

Sasa sogezeni viti, kaeni wawili wawili. Mmoja mgonjwa, mwingine muuguzi, pimaneni presha. Mara ya kwanza mfunge mkanda bila kumwambia neno. Mara ya pili omba ruhusa. Akikataa, usimbembeleze. Maswali tutayachukua mkimaliza.