Münir Nurettin Selçuk: Aliyesimama Kuimba

Asanteni. Wasifu wa Münir Nurettin Selçuk, mwimbaji na mtunzi wa Uturuki, mtausoma wenyewe: kazaliwa Istanbul mwaka 1900, kafia hukohuko 1981. Mimi nataka jioni moja tu, ya Februari 1930, katika ukumbi wa Fransız Tiyatrosu, Istanbul. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka. Chekeni, nitairudia tu.

Ala kama udi na kanuni sitawaeleza, nyie ni watu wa taarabu. Basi, kabla ya hapo waimbaji wa muziki wa asili wa Kituruki walikuwa wakikaa kitako, safu moja na wapigaji, dufu mkononi, wakiimba kwa pamoja. Kwenye kumbi za starehe ndiyo kabisa: huku nyimbo, huku sahani na glasi. Jioni ile Münir Nurettin akatokea mbele peke yake, kavaa koti la mkia, kasimama wima, wapigaji nyuma. Dufu hana. Akikosea, hakuna wa kumfunika. Na watu wamelipa waje kusikiliza, si kula.

Hapa huwa ananyanyuka mtu: "Mwalimu, si alikwenda Paris akarudi kawaiga Wazungu?" Jamani! Paris alikwenda, mwishoni mwa miaka ya 1920, akasomea sauti na piano. Lakini aliporudi aliimba nini? Aliimba nyimbo za Dede Efendi, mtunzi wa zamani wa muziki huu, makamu zilezile, yaani ngazi za sauti za asili, na sauti ndogondogo zilezile ambazo piano haiwezi kuzitoa hata uibembeleze. Kubadili kanzu si kubadili ukoo.

Tena tazameni tarehe. Novemba 1934 Atatürk, rais wa Uturuki, anahutubia bunge kuhusu muziki, na mara redio inakatazwa kupiga muziki huu, hadi 1936. Atatürk huyohuyo aliyezipenda nyimbo hizi! Münir Nurettin mwenyewe aliwahi kuwamo katika kikundi cha muziki cha urais kule Ankara. Sasa niambieni, anayedai muziki huu haufai taifa jipya angemjibu nini mtu aliyekwisha kuujazia ukumbi wa tamthilia?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbiombio: aliyatia muziki mashairi ya Yahya Kemal, "Aziz İstanbul" likiwemo, na hilo peke yake lilistahili saa nzima. Sinema aliyoigiza ya 1939, tuiruke. Miaka yake ya kuongoza wanamuziki wa konsavatori, yaani chuo cha muziki, ya Istanbul, na mwanawe Timur, naye mtunzi, niulizeni kwenye maswali.