Mbio za Kutawazwa Malkia na Bingwa Aliyetutoka

Asanteni, ndugu zangu. Tangu Desemba 2024, Rais Kagame alipotangaza mjini Kigali kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za magari za Formula 1, vijana wa Kampala wananiuliza: na sisi je? Nitafika huko. Kwanza turudi 1953, maana sisi Waganda tuliwahi kuwa na mbio mpya za kimataifa, zile za magari ziitwazo Safari, zikatuponyoka, na hatujawahi kukaa tukaulizana zilitupotea vipi.

Mnajua Safari ilivyoanza. Eric Cecil wa Nairobi alikuwa amechoka na mbio za kuzunguka uwanja mmoja; alitaka watu wapande magari, wakate nchi na kurudi. Kutawazwa kwa Malkia Elizabeth kukampa nafasi, mbio zikaitwa Coronation Safari, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaligawanywa kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa injini. Hilo nalisifu mpaka leo: mwenye Volkswagen ndogo naye alikuwa na mahali pake.

Lakini tazameni mwaka wenyewe. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Hapa kwetu, Novemba ya mwaka huohuo wa 1953, Gavana Cohen alimpeleka Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, uhamishoni Uingereza. Barabara zetu, vumbi letu, sherehe ya wengine. Mtaniambia hayo ya ukoloni yamekwisha, na 1960 jina likawa East African Safari. Ni kweli, na watu walizipenda kwa dhati. Joginder Singh aliposhinda 1965 kwa Volvo iliyokwishatumika, jina lake lilijulikana kanda nzima.

Sasa Shekhar Mehta, dereva wa rali. Nimelisema hili mara nyingi, na nitalisema tena. Mehta alizaliwa hapa Uganda, na mbio alianzia hapa, angali kijana. Agosti 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini. Familia ya Mehta ikaondoka, yeye akaenda Kenya. Miezi michache tu baadaye, 1973, mwaka wa kwanza kabisa wa ubingwa wa dunia wa rali, akashinda Safari kwa Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Sweden walilingana pointi za adhabu, ambazo mwenye chache ndiye hushinda, ikabidi kanuni itafutwe ya kuwatenganisha. Ushindi mwembamba namna hiyo, na haukuandikwa kwa jina la Uganda! Kisha akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano jumla. Wapi Kampala pana barabara yenye jina lake? Mwanafunzi gani wa sekondari anamjua? Wapo wanaonijibu kwamba alikuwa tajiri, mwana wa wenye mashamba, atajisimamia mwenyewe. Siulizi habari ya mali yake. Nauliza nchi inayomwondoa bingwa wake inategemea nani ashindanie bendera yake.

Kufikia 1974 jina la Afrika Mashariki lilikuwa limeondolewa, ikabaki Safari Rally ya Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikafa 1977. Sisi tukajijengea rali yetu, Pearl of Africa, tukapata Charles Muhangi, bingwa wa Afrika 1999, na Susan Muwonge, mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa. Wanastahili mhadhara wao. Leo nawapita, naomba radhi.

Kuhusu Kigali: Formula 1 haijakimbia Afrika tangu Kyalami, Afrika Kusini, 1993, kwa hiyo hamu naielewa. Wanaopinga wanataja vita vya mashariki mwa Kongo, ambavyo Rwanda inatuhumiwa kuhusika navyo, na hilo halifutwi kwa uwanja mzuri. Nanyi mnaosema tujenge hospitali kwanza, msinihesabu mpinzani wenu. Mwenyeji wa Formula 1 hulipa ada kubwa kila mwaka, na fedha hizo hutoka mahali. Ndiyo maana nataka mkataba usomwe bungeni kabla ya kutiwa saini, si baada.

Nilitaka kusema pia juu ya mashamba yanayokatwa njia na mbio, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi hili moja: Waganda husimama ukingoni kabisa mwa barabara, watoto mbele. Waandaaji wa mbio yoyote ijayo watuambie kwa maandishi nani atamlipia matibabu mtazamaji atakayegongwa, na watuambie kabla gari la kwanza halijaondoka.