Mshahara Wako ni Mwezi wa Tatu

(Mazungumzo na vijana, Masasi, kabla ya msimu wa korosho)

Wadogo zangu, habari za mchana. Mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele. Pikipiki zenu hazikimbii.

Nimeambiwa niongee bajeti. Bajeti tunazosikia redioni ni za mtu mwenye mshahara: mwisho wa mwezi hela imeingia, gawa mafungu. Hapa nani ana mshahara? Mmoja. Haya, wewe tusikilize tu. Sisi wengine, hata asiye na mkorosho mmoja, tunalipwa na korosho. Minada ikianza Oktoba, boda anapata abiria, muuza chipsi anauza mpaka usiku. Ikifika Machi, mji kimya.

Nilianza kusuka nikiwa na miaka 19, kibarazani kwa shangazi. Novemba kichwa cha rasta ni 15,000 na watu wanasubiriana kwa ajili ya harusi. Machi ni msuko wa twende kilioni wa 2,000, tena wa mkopo. Nilikuwa na kibubu cha mbao, na kila mtu alinisifia. Wasichokijua ni kwamba usiku nilikiinamisha, nikapenyeza mkia wa kitana kwenye kile kitundu na kuvuta noti mojamoja, taratibu. Mikono yangu haijawahi kuwa myepesi hivyo hata kwenye kusuka. (Mnacheka kwa sababu mmeshafanya.)

Mwaka uliofuata nikaandika daftari, Machi nzima. Nilipotoa gharama za rasta na mafuta, zilibaki 96,000. Nikajiambia: huu ndio mshahara wangu, wa Novemba ni mgeni. Basi msimu ulipokuja nikaendelea kula kwa 96,000, jirani ananiuliza kama naumwa. Kilichozidi sikukirudisha kwenye kibubu, najijua. Nililipa kodi ya chumba miezi sita, nikanunua gunia la mahindi na rasta za kufanyia kazi miezi ya kimya. Hela ikishageuka gunia la mahindi, binamu hawezi kukwambia "nitumie kidogo, nitakurudishia kesho".

Kikoba chetu nacho tulikuwa tunakivunja Desemba, kama wengi. Yaani tunagawana hela wakati kila mtu anazo! Tulibishana vikao vitatu, maana wengine walitaka nguo za sikukuu. Siku hizi tunavunja Machi. Kama mna kikundi chenu, anzeni kwa kuulizana tarehe hiyo kabla ya kuulizana bei ya hisa.

Na msipangie bei ya mwaka jana. Mnakumbuka msimu wa 2017, kilo ilifika 4,000. Wapo waliokopa wakitegemea mwakani itapanda zaidi. 2018 wakulima wakazikataa bei za wanunuzi, mpaka serikali ikaingia na 3,300, na wapo waliosubiri malipo mpaka wakachoka.

Sasa kangomba, yaani kuuza korosho kwa bei ya chini kabla hujazivuna. Najua ni kosa kisheria, na najua humu ndani wapo waliouza. Tuweke hesabu ya mfano. Machi una njaa, mtu anakupa 40,000 kwa kilo 40 ambazo bado ni maua ya kufikirika. Oktoba mnadani tuseme kilo ni 2,000: zile 40 ni 80,000 kabla ya makato. Kwa hiyo umekopa 40,000 kwa miezi saba, na riba yake inakaribia 40,000 nyingine. Mjini mkopo wa namna hiyo tunauita kausha damu na tunaukimbia. Shambani tunamwita anayeutoa "mjomba", tunampikia na chai.

Swali? Wewe wa kofia. Anauliza: na kama Machi yenyewe haitoshi hata kula? Basi, mdogo wangu, hapo bajeti haikusaidii, unahitaji kazi ya pili ya miezi ya kimya, na usikubali mtu akuambie wewe ni mfujaji. Mimi nilikaanga mihogo stendi. Njoo na daftari lako hapa mbele, tuanze kuandika ya kwako.