Chupa yenye jina la mji

Mabibi na mabwana, karibuni. Aliyewahi kutumwa dukani kununua soda anajua swali la kwanza la muuzaji: chupa tupu iko wapi? Chupa ni mali ya kiwanda, sharti irudi. Shikeni hilo, maana ndilo lililoacha majina ya miji midogo ya Marekani kwenye kioo.

Mwishoni mwa karne ya 19, chupa zilikuwa sehemu kubwa ya mtaji wa mwenye kiwanda kidogo cha soda. Aliagiza zenye jina lake na la mji wake, ili zikipotea zijulikane kwao.

Tazameni picha hii. Chupa nene, shingo fupi, na herufi zimetokeza kifuani: Biedenharn Candy Co., Vicksburg, Miss. Joseph Biedenharn aliuza peremende katika mji huo wa kando ya mto Mississippi, na mwaka 1894 akawa wa kwanza kuitia Coca-Cola kwenye chupa. Jina la Coca-Cola halimo humo kabisa. Alimpelekea Asa Candler, mwenye kampuni kule Atlanta, kreti ya chupa 24. Candler akajibu kuwa ni nzuri, basi. Miaka mingi baadaye, akisimulia kisa hicho kwa barua, Biedenharn hakuacha kutaja kwamba chupa zake hazikurudishwa! Kwangu mimi, lalamiko hilo linaeleza historia ya mji mdogo vizuri kuliko matangazo yote yaliyofuata.

Mwaka 1899 Candler aliwapa mawakili wawili wa Chattanooga haki ya kujaza Coca-Cola kwenye chupa karibu nchi nzima, kwa dola 1. Wao wakaigawa mji kwa mji, na kufikia 1909 viwanda vilikaribia 400. Kila kimoja na familia yake, mtaa wake, chupa zake.

Umri wa chupa utaujuaje? Fuata kwa kidole mshono wa pembeni, ule mstari ulioachwa na kalibu. Ukikoma shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi juu ya mdomo, ni kazi ya mashine, na mashine ya Michael Owens ya kutengeneza chupa ilianza kutumika mwaka 1903. Kioo kikiwa na zambarau hafifu, kilitiwa madini ya manganizi kukiondolea rangi, kisha jua likakibadilisha. Mdomo wa kizibo cha bati kilichokunjwa ukingoni ni wa baada ya 1892, William Painter wa Baltimore alipokipatia hataza.

Ila jina la mji linakwambia chupa ni ya nani, halikwambii ilinyweka wapi. Chupa zilitembea. Ile ya Coca-Cola yenye kiuno, iliyobuniwa Terre Haute mwaka 1915, iliandikwa mji kitakoni, na watu walishindana nani kashika iliyotoka mbali zaidi. Kumjua mwenye kiwanda na mahali pake, tafuta vitabu vya anwani vya mji na ramani za bima ya moto za Sanborn, zilizochora hata jengo la kiwanda lilivyokaa.

Na wachimbaji wa chupa za kale nawasihi. Katika shimo la choo cha zamani, chupa mpya kuliko zote katika tabaka ndiyo inayoonyesha tabaka hilo halikufukiwa kabla ya mwaka gani. Ukiitoa bila kuandika ilikuwa kina gani na ilikaa na nini, ushahidi huo umekwisha. Andika kwanza, ndipo uioshe.