Hasira Isiyo na pa Kwenda: Wakhmer wa Ughaibuni na Nchi Yao

REHEMA: Haya, wapenzi wasikilizaji, karibuni. Mimi ni Rehema, na huyu hapa ni Salim, aliyechelewa studio kwa sababu ya foleni, kwa hiyo leo hana haki ya kuchagua mada.

SALIM: Yaani nanyang'anywa haki kwa foleni ya Mwenge! Haya dada, tupeleke unakotaka.

REHEMA: Kambodia. Au tuseme Wakambodia wasioishi Kambodia: wako Long Beach kule California, wako Lowell huko Massachusetts, wako Paris na vitongoji vyake. Wengi wao ni Wakhmer, kabila kubwa la nchi ile. Ukiwasikiliza utachoka. Mtu anaanza kuilaani serikali, analaani majirani, analaani wazee waliokaa kimya, mpaka unajiuliza, huyu nchi yake anaipenda kweli? Kisha Julai 2025 mapigano yanazuka mpakani kati ya Thailand na Kambodia, siku tano za mizinga, na watu walewale wanaandamana na bendera ya Kambodia, ile yenye picha ya hekalu la kale la Angkor Wat.

SALIM: Bendera ya nchi ambayo jana yake walikuwa wanaitukana serikali yake.

REHEMA: Ndiyo hiyo nataka tuiongee.

SALIM: Tumpe msikilizaji msingi kwanza, maana si kila mtu anaijua habari hii. Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge, wapiganaji wa Kikomunisti chini ya Pol Pot, wanaingia Phnom Penh, mji mkuu. Ndani ya muda mfupi wanautoa mji mzima, hata wagonjwa waliokuwa wodini wanasukumwa barabarani na vitanda vyao. Pesa zinafutwa, shule zinafungwa, watawa wa Kibuddha wanavuliwa majoho, kila mtu anapelekwa shambani kulima mpunga. Utawala ule ulidumu miaka 3, miezi 8 na siku 20. Wazee wa Kikhmer hawakwambii "kama miaka minne hivi". Wanakutajia hiyo hesabu kamili, mpaka siku. Waliokufa kwa njaa, maradhi, kazi na kuuawa wanakadiriwa kati ya milioni 1.5 na milioni 2, katika nchi iliyokuwa na watu karibu milioni 8.

REHEMA: Na kabla ya hapo Marekani ilikuwa imeipiga nchi ile kwa mabomu, kuanzia 1969 mpaka 1973. Tusiliruke hilo, kwa sababu wengi wa waliokimbia waliishia kuomba hifadhi Marekani hiyohiyo.

SALIM: Wakapita kwanza kwenye kambi za mpakani Thailand, Khao-I-Dang na nyinginezo. Wengine walikaa humo miaka.

REHEMA: Sasa kinachonisumbua ni hiki. Watu wengi waliopatwa na msiba mkubwa wana mgeni wa kumlaumu. Mkoloni, jeshi la nje, mtu wa dini nyingine. Mkhmer hana. Kijana aliyemchukua baba yake usiku alikuwa Mkhmer, anaongea lugha yake, pengine wa kijiji cha pili. Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu hata nguo hiyo hawezi kuivua, maana ndiyo ngozi yake. Akisema "nawachukia waliofanya hivi", kuna sehemu ya sentensi hiyo inamrudia mwenyewe.

SALIM: Na kalenda nayo haimsaidii. Mwaka Mpya wao ni katikati ya Aprili, tarehe 13 au 14 mpaka 16. Ndiyo sikukuu ya furaha kuliko zote: watu wanacheza ngoma ya duara, wanamwagiana maji, wanawaogesha wazazi na bibi zao kwa heshima. Ikiisha tu, inaingia tarehe 17.

REHEMA: Tarehe ya kufukuzwa mjini.

SALIM: Kila mwaka! Familia ya Kikhmer huko Long Beach inatoka kwenye muziki, na kama wazee bado wapo, ndani ya siku chache wanawasha ubani wa waliokufa. Kwao mapenzi na uchungu vimepangwa wiki moja, na hakuna aliyeulizwa.

REHEMA: Na muziki wenyewe! Kwenye harusi zao mpaka leo zinapigwa nyimbo za miaka ya sitini, sauti za akina Sinn Sisamouth na Ros Serey Sothea. Wote wawili walipotea wakati wa Khmer Rouge. Watu wanacheza kwa sauti za waliouawa, wanacheka, wanakula. Sioni kama ni unafiki.

SALIM: Si unafiki hata kidogo. Ila watoto je? Maana hapo ndipo mimi naona jambo lina uzito. Utafiti uliotoka 2005 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani uliwapima wakimbizi wa Kambodia wa Long Beach, miaka ishirini na zaidi baada ya kufika. Asilimia 62 walikuwa na maradhi ya kiwewe, asilimia 51 wana sonona. Na miaka ya themanini, palepale Long Beach, wanawake wa Kikhmer zaidi ya mia moja walikwenda kwa madaktari wakisema hawaoni. Macho yakapimwa, mazima.

REHEMA: Hilo nililisoma nikafunga kompyuta nikaenda kupika.

SALIM: Sasa mtoto amezaliwa nyumba hiyo. Hakuna anayemsimulia kitu. Anachojua ni kwamba akibakiza wali kwenye sahani, mama anawaka ghafla, hasira isiyolingana na punje za wali. Akiuliza, anaambiwa soma, fanya kazi. Anakua akiichukia nchi ambayo hajaiona, kwa sababu ndiyo iliyomharibia mama. Au anaipenda kupita kiasi, ile Kambodia ya mahekalu na wacheza ngoma wa kifalme, kwa sababu ndiyo pekee anayoruhusiwa kuijua.

REHEMA: Na wengine walipata hasira tu, kwa pande zote mbili. Kuna vijana waliozaliwa kwenye kambi za Thailand, wakafika Marekani wadogo, wazazi hawakukamilisha karatasi za uraia, wakaingia magenge, wakafungwa. Mwaka 2002 Marekani na Kambodia zikakubaliana, wakaanza kurudishwa. Kurudishwa wapi? Hawajawahi kukanyaga Kambodia! Kikhmer chenyewe cha kubabaisha. Hili tungelifanyia kipindi chake.

SALIM: Tulifanyie. Lakini leo nataka tufike Januari 7.

REHEMA: Nilijua tu.

SALIM: Kwa sababu hiyo tarehe ndiyo inayoonyesha hasira inavyohama nyumba. Tarehe 7 Januari 1979 jeshi la Vietnam linaingia Phnom Penh, Pol Pot anakimbilia msituni. Aliyekuwa amebakiza wiki moja afe, hakufa. Hilo ni la kweli. Lakini Vietnam wakaweka serikali wanayoitaka na jeshi lao likabaki mpaka 1989. Sasa chama tawala kinaiadhimisha tarehe hiyo kama ukombozi. Ughaibuni, kwa wengi, ni tarehe ya kuvamiwa.

REHEMA: Na wasikilizaji wetu wanaijua hadithi hii bila kujua kwamba wanaijua. Miezi mitatu tu baadaye, Aprili 1979, jeshi letu la Tanzania, JWTZ, na wapiganaji wa Uganda wanaiteka Kampala, Idi Amin anakimbia. Mwaka uleule! Wanasheria wa kimataifa mpaka leo wanaziweka kesi mbili hizi ukurasa mmoja.

SALIM: Ila dunia haikuzipima kwa mizani moja. Sisi tuliachiwa gharama za vita tuhangaike nazo wenyewe, basi. Vietnam iliwekewa vikwazo, na kiti cha Kambodia pale Umoja wa Mataifa kikabaki kwa wajumbe wa Khmer Rouge. Hebu fikiria, Mkhmer yuko kambini, ndugu zake wamekwisha, na anayemwakilisha New York ni mtu wa waliowaua.

REHEMA: Ndiyo maana mimi siwalaumu sana wanapokasirika ovyo. Walifundishwa na dunia kwamba hakuna hesabu ya haki.

SALIM: Hapo tutagombana, dada yangu. Kukasirika ovyo kuna anayelipa. Kuna Wavietnam waliozaliwa Kambodia, wengine wanaishi kwenye nyumba zinazoelea ziwani Tonle Sap, hawana karatasi za nchi yoyote. Wanasiasa wa upinzani wamechuma kura na michango ya ughaibuni kwa miaka mingi kwa kusema Vietnam inaimeza nchi. Sam Rainsy mwenyewe, kiongozi wa upinzani, Oktoba 2009 alikwenda Svay Rieng, mkoa unaopakana na Vietnam, akang'oa alama za mpaka. Mahakama ikamhukumu, hiyo ni siasa, sawa. Lakini mimi naona hasira iliyopaswa kwenda kwa Pol Pot na kwa watawala wa leo imepelekwa kwa mvuvi, kwa sababu mvuvi anaweza kuchukiwa bila mtu kujigusa mwenyewe.

REHEMA: Hilo nakubali. Mvuvi si Mkhmer, ndiyo raha yake.

SALIM: Ndiyo raha yake, na ndiyo aibu yake.

REHEMA: Lakini usiwaweke wote chungu kimoja. Kuna waliorudi wakaibeba hasira mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Mu Sochua, kwa mfano. Alizaliwa Phnom Penh 1954, wazazi wakampeleka Paris akiwa binti wa miaka 18, akaenda Marekani. Wazazi hakuwaona tena. Akafanya kazi kwenye kambi za mpakani, akarudi nyumbani 1989, akawa waziri wa mambo ya wanawake, akagombana na wakubwa, akawa mpinzani. Oktoba 2017 ikabidi akimbie tena. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ya nchi ikakifuta chama chao cha upinzani, CNRP, na yeye baadaye akahukumiwa kifungo kirefu akiwa hayupo.

SALIM: Mkimbizi mara mbili, tena wa nchi ileile.

REHEMA: Na Theary Seng, mwanasheria, Mmarekani kwa pasipoti. Khmer Rouge waliwaua wazazi wake, akalelewa Marekani, akarudi Kambodia kuishi. Alipigania waathirika wasikilizwe katika mahakama ya Khmer Rouge, ile iliyoundwa kuwashtaki viongozi wao. Juni 2022 anakwenda kusomewa hukumu ya uhaini amevaa kama ile Sanamu ya Uhuru ya New York, taji kichwani, mwenge mkononi. Akapewa miaka 6.

SALIM: Mahakama ya Khmer Rouge yenyewe ilifanya kazi 2006 mpaka 2022, ikatumia zaidi ya dola milioni 300, ikatia hatiani watu watatu.

REHEMA: Watatu. Na Pol Pot alishajifia 1998. Lakini nikuambie, Salim, wapo Wakhmer waliosafiri kutoka Marekani na Ufaransa wakatoe ushahidi pale. Sidhani walitegemea haki ya kulingana na msiba. Nadhani walitaka hasira yao iandikwe kwenye karatasi yenye muhuri wa serikali ya Kambodia.

SALIM: Na aliyeikalia serikali hiyo alikuwa Hun Sen, kamanda wa zamani wa Khmer Rouge mwenyewe, aliyetorokea Vietnam 1977, akawa waziri mkuu 1985, akashika mpaka Agosti 2023, akamrithisha mwanawe Hun Manet. Mimi ningeshindwa kuipenda nchi hiyo, nakuambia kweli.

REHEMA: Wewe una jamaa zako Maskati ambao mpaka leo wakisikia Unguja inatajwa, mmoja anatukana na mwingine anafuta machozi.

SALIM: Ni mtu mmoja huyo, si wawili. Anatukana huku anafuta.

REHEMA: Basi unalijua jibu. Ukienda mahekalu ya vijijini Kambodia, ukutani na kwenye nguzo yameandikwa majina ya waliochanga: jina, mji, kiasi cha dola. Miji mingine iko Marekani, mingine Ufaransa. Baadhi ya waliotuma ni wauza donati. Unajua kwamba huko California maduka mengi ya donati ni ya Wakambodia? Mtu anaamka saa nane usiku kukaanga, anamsema waziri mkuu kwenye simu na wenzake, na Pchum Ben ikifika, zile siku 15 za kuwalisha marehemu, anatuma hela kwa watawa wa kijiji chake. Hekalu lile linafunguliwa na gavana ambaye yeye mwenyewe mchangiaji anamlaani. Anajua. Anatuma vilevile, kwa sababu marehemu wake hawakuhama naye.

SALIM: Hiyo ndiyo sababu hasa. Serikali haiwezi kumfukuza marehemu.

REHEMA: Ila aliye hai inaweza. Agosti 2025 bunge limepitisha sheria ya kumvua uraia anayeonekana kushirikiana na wageni dhidi ya taifa. Imekuja mwezi mmoja baada ya vita vya mpakani, wakati ambapo wa ughaibuni walikuwa wamebeba bendera.

SALIM: Yaani uliandamana Julai kuitetea nchi, Agosti unaambiwa tunaweza kukufuta. Na kura huna, maana aliye nje hawezi kupiga kura mpaka asafiri arudi. Sasa huyo akikasirika, utamwambia nini?

REHEMA: Sitamwambia kitu. Nitamuuliza tu anamkasirikia nani, amtaje kwa jina. Akinitajia mvuvi wa Tonle Sap, hapo nitamkatalia.

SALIM: Tukubaliane hapo. Wasikilizaji, mlioko Maskati, Minneapolis, Goma, popote: tutumieni sauti fupi. Nchi yenu mnaisemaje mkiwa wenyewe, na mnaisemaje mbele ya wageni? Dakika moja inatosha, tafadhali, wiki iliyopita kuna mjomba alituma dakika kumi na saba.

REHEMA: Na zote kumi na saba tulisikiliza. Wiki ijayo ni wale vijana waliorudishwa Kambodia kutoka Marekani. Salim, ondoka nyumbani mapema.